Kwa nini Wamarekani walivichoma wenyewe vibanda vya walinzi wa moto, halafu leo wanavijenga upya?

#1 SeremalaWaMafinga
Wakuu salaam.

Niko Boise, Idaho, mwaka wa sita sasa. Kazi ya mkono ni useremala, niliujua tangu Mafinga. Wiki mbili zilizopita jirani yangu, mzee mstaafu wa huku, aliniomba nikamsaidie "kibanda cha mlimani". Nikajua ni banda la kuku. Tumeendesha gari saa nne, tukaliacha, tukapanda kwa miguu tukiwa na mbao mgongoni. Kufika kileleni nakuta chumba kimoja cha mbao kimekaa juu ya mwamba, vioo pande zote nne, hakuna ukuta wa maana. Ukisimama katikati unaona milima mpaka macho yanachoka.

Kumbe ni kibanda cha mlinzi wa moto wa msitu. Alikuwa anakaa humo kiangazi chote peke yake, kazi yake kutazama moshi tu. Futi 14 kwa 14, yaani mita 4 na ushei kila upande. Vilikuja vimekatwa tayari, vikapandishwa kwa nyumbu na kuunganishwa juu kwa juu. Nchi nzima vilijengwa maelfu, vingi miaka ya 1930.

Kilichoniacha hoi ni hiki. Mzee anasema miaka ya 60 na 70 watu wa idara ya misitu wenyewe walivimwagia mafuta vingi na kuvitia kiberiti. Leo wastaafu wenye magoti mabovu wanabeba misumari mgongoni kwenda kuvifufua vilivyobaki, kwa kujitolea.

Kwa nini walivichoma? Na kama havikuwa na kazi, kwa nini wanavirudisha? Kuna dirisha moja nilipewa nilitengeneze, mkasa wake nitausimulia.

#2 Kibatari
Kibanda cha kuzuia moto kimechomwa moto na zimamoto. Nimekaa pale na karanga zangu, ngoja wajuvi waje.

#3 HojaNzito
Jibu fupi: ndege.

Jibu refu. Agosti 1910 huko huko Idaho, Montana na kipande cha Washington ulitokea moto ambao kwa siku mbili tu, tarehe 20 na 21, ulikula kama hekta milioni 1.2. Walikufa watu 85 hivi, wengi wao wazimaji. Idara yao ya misitu ilikuwa na miaka mitano tu tangu ianzishwe 1905. Ule moto uliwatia kiwewe cha kudumu. Wakaapa kwamba moshi wowote lazima uonwe ukiwa bado mdogo, ndiyo vibanda vikaota kila kilele. Mwaka 1935 wakaweka kabisa amri: moto ukiripotiwa leo, uwe umedhibitiwa kabla ya saa nne asubuhi ya kesho.

Baada ya vita kuu ya pili ndege zikawa nyingi na rahisi. Rubani mmoja anazunguka eneo la vibanda kumi. Mlinzi wa kileleni akabaki hana kazi. Uzi ufungwe.

#4 Mgumu_Kuelewa
#3 uzi haufungwi hivyo kaka. Ndege haikai angani saa 24. Mimi nasema ni mshahara. Mtu mmoja kwa kila mlima, chakula apelekewe, redio, matengenezo. Bajeti ikikatwa anayeondoka kwanza ni yule asiyeonekana, na huyu yuko kileleni, nani atamkumbuka?

#5 KamanyolaMissoula
Jambo kwenu. Mimi ni Mkongomani, niko Missoula, Montana, ndugu yangu wa Boise nakusalimu. Nilifanya vibarua vya msituni huku misimu miwili.

Ndege na mshahara vinaeleza kwa nini walinzi waliondolewa. Havielezi kiberiti. Nyumba tupu unaweza kuiacha ikaoza. Wazee wa kazi walituambia sababu ni kuogopa kesi: watu wanapanda, ngazi imeoza, mtu anaanguka, anashtaki serikali. Kuchoma ilikuwa njia ya bei ndogo kuliko kutengeneza au kushusha mbao kwa nyumbu. Wengine wakavunja vioo, wengine wakafanya kambi ya ulevi, basi idara ikachoka.

Na kuna sheria ya mwaka 1964 ya maeneo ya pori tupu. Inasema sehemu hizo zibaki bila alama ya mtu, na kibanda ni alama ya mtu.

#6 Kibatari
Kwa hiyo sasa tuna ndege, mshahara, mahakama na sheria. Karanga zinaisha.

#7 Wanjohi_wa_Kinale
Niaje watu wa huku. Swali la mtu mjinga: huyo mlinzi akiona moshi kilomita ishirini mbele, anajuaje uko wapi? Milima yote inafanana. Mimi hata shamba la jirani nikiwa juu ya mti silitambui.

#8 SeremalaWaMafinga
#7 hapo ndipo nilipovua kofia. Katikati ya chumba kuna meza, juu yake sahani ya chuma ya mviringo yenye ramani, na kilele ulichosimama ndicho kitovu cha ramani. Pembeni kuna pete inayozunguka yenye nyuzi (digrii) 360. Kwenye pete kuna vilengeo viwili, mfano wa bunduki: cha nyuma kina kijitundu, cha mbele kina unywele wa farasi umekazwa wima. Naam, unywele wa farasi hasa. Unazungusha pete mpaka unywele ukate moshi katikati, unasoma nyuzi, unapiga redio. Kibanda kingine kikiuona moshi ule ule nacho kinasoma chake. Ofisini wanachora mistari miwili, inapokutana ndipo penye moto. Kifaa hicho kinaitwa Osborne, jina la mwanamisitu aliyekibuni zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Na kuna kigoda chenye vikombe vya kioo kwenye miguu. Radi ikianza unakaa juu yake, miguu isiguse sakafu. Nilidhani wananitania.

#9 Mgumu_Kuelewa
Mtu amekaa juu ya kigoda cha vioo, ndani ya nyumba ya vioo, kileleni, radi inapiga. Na nyinyi mnauliza kwa nini waliacha kazi?

#10 BabuIhalimba
Vijana hamjambo. Huwa nasoma tu, leo mmenigusa.

Mnaongea ya Marekani mkadhani hapa hayakuwepo. Shamba la miti la Sao Hill, Mufindi, nimelifanyia kazi tangu kijana. Eneo lote linapita hekta 130,000, si zote zimepandwa, lakini misonobari ikishika moto pale hutaki kuwa karibu. Minara ya moto ilikuwepo na ipo. Mimi nilikaa kwenye mmoja wa mbao, nguzo za mkaratusi, ngazi wima. Hakukuwa na sahani wala unywele wa farasi. Nilikuwa na redio, ramani iliyobandikwa ubaoni, na macho.

Kazi ngumu ya mnarani si moto, ni kuamua kipi si moto. Mufindi asubuhi ukungu unatoka mabondeni vipande vipande, unapanda wima kabisa kama moshi wa kijungu. Mgeni atapiga redio mara nne kabla ya chai. Ukiangalia vizuri, ukungu una weupe wa pamba na unayeyukia juu. Moshi wa nyasi ni mweupe lakini mzizi wake haukatiki. Ukishika misonobari unageuka mweusi mweusi wenye rangi ya kahawia, hapo hata usisubiri kuhakikisha. Moshi wa jikoni unalala chini, unatambaa juu ya mapaa. Vumbi la lori linatembea. Mrina asali ndiye mbaya: moshi wake mwembamba, unaonekana, unapotea, unaonekana tena baada ya saa nzima mahali pengine. Kuanzia Septemba mpaka mvua zije nilikuwa naota moshi usingizini.

Mnara wangu haukuchomwa. Ulipochakaa wakaacha kuupanda, kisha mbao zikaanza kupungua moja moja usiku. Mwaka mmoja nilipita nikakuta nguzo mbili. Nguzo ya tatu niliitambua kwenye zizi la ng'ombe la mtu ninayesali naye. Sikusema kitu.

#11 SeremalaWaMafinga
Shikamoo mzee wangu. Nimecheka hapo kwenye zizi halafu nikanyamaza. Wazungu nao wana jina la utani la huo ukungu baada ya mvua, wanauita mbwa wa maji. Mlinzi mpya lazima aaibishwe nao.

#12 BabuIhalimba
Marahaba. Sisi hatukuupa jina, tuliutukana tu.

#13 MtuWaHistoria
Mmesahau vita. Vibanda vilitumika kutazama ndege za adui. Mwaka 1944 Wajapani walirusha maputo ya mabomu yakachoma misitu ya Oregon, mlinzi mmoja kibandani akamwona rubani, na rubani huyo baadaye akarudi kuomba radhi. Waliviacha kwa sababu vita iliisha, basi.

#14 HojaNzito
#13 umechanganya habari mbili, puto halina rubani ndugu.

Ya kwanza ni tarehe 9 Septemba 1942. Rubani Nobuo Fujita alirushwa na kandege kadogo kutoka nyambizi ya I-25, akadondosha mabomu ya moto msituni karibu na Brookings, Oregon. Mlinzi wa kibanda cha Mount Emily, Howard Gardner, aliiona ndege, na baadaye akauona moshi. Msitu ulikuwa umelowa, moto haukufika popote. Mwaka 1962 Fujita alialikwa Brookings akaenda na upanga wa ukoo wake akauzawadia mji.

Maputo ndiyo ya mwisho wa 1944 na 1945. Hayo Mei 1945 yaliua watu sita Oregon, mama mjamzito na watoto watano waliokuta bomu chini wakaligusa.

Na kama ni vita kuisha, mbona vibanda vilivyochomwa vilichomwa miaka ya 60 na 70?

#15 MtuWaHistoria
Nimekubali kuhusu puto. La vita nabaki nalo.

#16 BintiNgomeKongwe
Assalaam alaykum. Mnabishana kwa nini vilichomwa, mimi mwenzenu nina swali la upande wa pili. Hicho wanachojenga upya ni kitu kile kile?

Mimi ni wa Mji Mkongwe, Unguja. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al Ajaib iliporomoka mchana kweupe, jumba la Sayyid Barghash la mwaka 1883, wakafa watu. Tangu hapo barazani kwetu hakuna lililobishaniwa zaidi: likijengwa upya kwa vifaa vipya litakuwa Beit al Ajaib au picha yake? Marehemu babu yangu alikuwa fundi wa chokaa, na kwake nyumba ya mawe iliyopigwa saruji ilikuwa imeshakufa, kwa sababu saruji haipumui, inafunga unyevu ndani na ukuta unaoza kimya kimya. Sasa huyo seremala atwambie, alitia mbao mpya au aliponya za zamani?

#17 SeremalaWaMafinga
Dada umenifikisha kwenye dirisha.

Nilipewa fremu moja ya upande wa kusini. Kizingiti cha chini kimeoza upande wa kushoto, ukibonyeza kwa kidole kinaingia kama mkate. Kwa fundi wa Mafinga hiyo ni kazi ya nusu saa: ng'oa, pima, kata mpya, piga msumari, kunywa soda. Nikashika tindo. Yule mama anayesimamia, umri wa mama yangu kabisa, akanishika mkono. Akasema toa kilichooza tu.

Basi nikachokonoa mpaka nikafika kwenye mbao nzima. Nikachonga kipande kutoka kwenye ubao wa zamani waliouhifadhi chini ya sakafu, nyuzi za mbao zifuate upande ule ule, nikakipachika kwa gundi na vijiti vya mbao. Kiraka cha kiganja kimoja kilinichukua siku nzima. Misumari ya zamani tuliing'oa, tukainyoosha kwa nyundo juu ya jiwe, tukairudishia. Nilimwuliza mama, misumari mipya si bei rahisi? Akasema rahisi sana. Hakuongeza neno.

Ndani ya ule uozo nilikuta maandishi ya penseli upande uliofichika wa fremu, namba ya kipande, bila shaka ya waliokikata kiwandani ili wa mlimani wajue kinakaa wapi. Ningeng'oa yote ningeitupa motoni ile namba.

#18 Mgumu_Kuelewa
Siku nzima kiraka cha kiganja. Ukirudi Mafinga usiwaambie mafundi wenzako, utakufa njaa.

#19 KamanyolaMissoula
#16 dada, swali lako lilifika mahakamani kabisa. Jimbo la Washington kuna kibanda cha Green Mountain, cha mwaka 1933, kiko ndani ya pori la sheria ile ya 1964. Kilikuwa kinaanguka. Mwaka 2009 wakakibomoa, wakatumia helikopta kubeba vifaa, wakakijenga upya pale pale, mbao nyingine za zamani, nyingine mpya. Shirika moja la kutetea pori, Wilderness Watch, likashtaki, na mwaka 2012 jaji akalipa ushindi: helikopta na ujenzi vimevunja sheria, kiondolewe.

Halafu Machi 2014 mlima ukaporomoka karibu na huko, mji wa Oso, wakafa watu 43. Mwezi uliofuata bunge likapitisha sheria ya kukiacha kibanda, Obama akasaini. Bonde lilikuwa msibani, wabunge wakasema angalau hicho kibaki.

#20 HojaNzito
Kwa hiyo kisheria kilipaswa kuondoka, kikabaki kwa rambirambi. Mimi ningekuwa jaji ningesema vile vile. Sheria ikisema pori tupu, helikopta inafanya nini?

#21 KamanyolaMissoula
Wenye kibanda nao wanakuuliza: pori tupu tangu lini? Jimbo hilo hilo kuna kilele cha Three Fingers. Ili kibanda kipate mahali pa kukaa, walikipiga baruti kile kilele wakakisawazisha, na mwisho unapanda ngazi za mbao zilizoegemezwa kwenye mwamba. Ukikiondoa kibanda, kilele kitaota tena?

#22 BintiNgomeKongwe
Hasha, hakioti. Lakini na hilo si jibu la swali langu. Kibanda cha Green Mountain ni cha 1933 au cha 2009?

#23 Kibatari
Nyundo ya babu yangu ina miaka 60. Mpini umebadilishwa mara nne na kichwa mara mbili.

#24 Mgumu_Kuelewa
😂😂 Huyu afungiwe.

#25 Wanjohi_wa_Kinale
Nimesoma uzi wote nikiwa kwa matatu nimepita stage yangu. Nauliza tu: siku hizi si kuna kamera na setilaiti? California wana kamera zinazoangalia milima na kompyuta inatambua moshi. Hata Kilimanjaro Oktoba 2020 walioona moto si watu wa mnara.

#26 AshaMarangu
#25 ule moto nilikuwepo. Ulianzia Whona, njia ya kati ya Mandara na Horombo. Usiku kutoka kwetu uliona mstari mwekundu umezunguka mlima kama shanga. Kuonekana ulionekana na dunia nzima, shida ilikuwa kuufikia. Vijana wa vijiji na wanafunzi wa chuo walipanda na matawi mabichi na mapanga. Setilaiti iliuona vizuri tu, haikupiga tawi hata moja.

#27 BabuIhalimba
Huyo mama amesema. Mtu wa mnarani alikuwa anajua nani aliomba kuchoma shamba leo na nani hakuomba. Akiona moshi kwa fulani anajua ni halali. Kamera itajuaje?

#28 HojaNzito
Kamera haijui lakini hailali, mzee. Na shikamoo.

#29 BabuIhalimba
Marahaba. Mimi pia sikulala.

#30 DadaWaZamu
Uzi mzima "mlinzi alikuwa anakaa peke yake" kama vile wote ni wanaume. Hallie Daggett, California, mwaka 1913, kibanda cha Eddy Gulch. Mwanamke wa kwanza kuajiriwa na idara yao kwa kazi hiyo, akakaa misimu 15. Na huku kwetu walio karibu na msitu na wa kwanza kunusa moshi ni akina mama wa kuni, hawalipwi.

#31 SeremalaWaMafinga
#30 nakubali kosa. Kuna kitabu cha wageni kibandani, walinzi wa zamani wa huko nusu ni wanawake.

#32 Baharia_Perth
Nipo Australia Magharibi. Hapa kuna mahali hawakujenga mnara, walitumia mti wenyewe. Mji wa Pemberton kuna mti wa kari unaitwa Gloucester, mwaka 1947 walipigilia pegi kuuzunguka mpaka juu, zaidi ya mita 50, wakaweka kibanda kwenye kilele cha mti. Baadaye ndege zikachukua kazi. Haya, #16, mti ukikua kibanda ni kile kile?

#33 BintiNgomeKongwe
Mwanaharamu wewe, usinichanganye.

#34 Mgumu_Kuelewa
Ndege tena! #3 kaamka.

#35 HojaNzito
Nilisema uzi ufungwe tangu mwanzo.

#36 KamanyolaMissoula
Haufungwi, kwa sababu vibanda mia kadhaa bado vina walinzi mpaka leo, Idaho na Montana mojawapo. Ndege ingekuwa imevimaliza visingekuwepo. Kiangazi moto ukikaribia wanakuja kuvifunga kwa karatasi nene ya alumini, kibanda kizima kinameta kama samaki wa kuchoma. Kingine hakiwahiwi: Bull of the Woods, Oregon, cha 1942, kiliungua 2021 na moto wa kweli, si wa kiberiti.

#37 Kibatari
Na watakijenga upya?

#38 KamanyolaMissoula
Kiko ndani ya pori la sheria ya 1964. Rudi #19.

#39 AshaMarangu
Naomba kuuliza, mtu wa kawaida anaweza kulala humo?

#40 SeremalaWaMafinga
Ndiyo, vingine vinakodishwa kwa usiku na vinagombaniwa mtandaoni. Unabeba maji yako, choo kiko nje, na upepo ukivuma kibanda kinatetemeka kama daladala iliyosimama injini inawaka. Mimi nililala sakafuni siku mbili. Usiku wa pili nilipika ugali kwenye jiko la gesi la kambi, yule mama akauliza kama ni gundi ya kiraka.

#41 BabuIhalimba
Kijana, vile vifuniko vya madirisha vya nje, nilivyoona pichani wanavinyanyua juu vinakuwa kivuli. Bawaba zake ni za zamani au mlitia mpya?

#42 SeremalaWaMafinga
Za zamani mzee. Moja ilikuwa imekatika, tukaichomelea bondeni tukairudisha. Inapiga kelele vile vile, walikataa nisiitie grisi mpaka fremu ikauke.

#43 BabuIhalimba
Tupia picha ya bawaba.

#44 SeremalaWaMafinga
Kesho nikitoka zamu.